Hesabu Iliyosikiwa na Mkutano Ulioonekana: Mia na Arobaini na Nne Elfu katika Ufunuo 7

Utangulizi

Kitabu cha Ufunuo wa Yohana kimejaa hesabu, lakini ni chache zilizowasumbua Wakristo wetu kama ile ya 144,000, inayotajwa katika sura ya 7 na kurudiwa katika sura ya 14. Katika sharika za mwambao wa Ziwa Victoria, tangu Mwanza mjini hata visiwa vya Ukerewe na Ukara, mchungaji huulizwa juu yake katika mafundisho ya kipaimara, katika ibada za nyumba kwa nyumba, na hasa nyumbani mwa wafiwa. Wengi wamekwisha kuelezwa mlangoni pao kwamba watakaoingia mbinguni ni idadi hiyo tu. Kwa hiyo swali lao si la hisabati. Wanachouliza ni hiki: Je, nafasi zimekwisha?

Jibu tunalolitoa mara nyingi ni fupi: hiyo ni lugha ya mfano. Jibu hilo ni la kweli, ila halimtoshi aulizaye, maana hajaonyeshwa ni mfano wa nini, wala tumejuaje kwamba ni mfano. Mtu mwenye hofu haondolewi hofu yake kwa kuambiwa kwamba jambo analoliogopa ni fumbo. Makala haya yanakusudia kuichunguza hesabu hiyo kwanza kama hesabu, kisha kama neno la Maandiko. Tumeona vema kuifuata njia hiyo kwa sababu Yohana aliijenga hesabu hii kwa makusudi, na ujenzi wake unaonekana kwa yeyote aliyesoma hesabu za shule ya msingi. Akiisha kuuona ujenzi huo, msomaji atatambua mwenyewe mwandishi alitaka kusema nini.

1. Tabia za hesabu yenyewe

Kila namba nzima kubwa kuliko moja yaweza kuvunjwavunjwa hata zikabaki namba tasa tupu, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Tena yaweza kuvunjwa hivyo kwa namna moja tu. Tukiivunja 144,000 tunapata mbili saba, tatu mbili na tano tatu, zote zimezidishwa pamoja:

2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 5 × 5 = 144,000

Kwa lugha ya vipeo, ni mbili kwa kipeo cha 7, mara tatu kwa kipeo cha 2, mara tano kwa kipeo cha 3. Hakuna namba tasa nyingine ndani yake. Hesabu kubwa kiasi hiki imejengwa kwa mawe ya aina tatu tu, nayo ni yale madogo kuliko yote.

Kwa sababu hiyo hesabu hii inagawanyika kwa urahisi wa ajabu. Ukitaka kujua ina vigawo vingapi, fikiri hivi: kila kigawo chake kinachukua mbili kadhaa, kuanzia sifuri hadi saba, ambazo ni njia 8, kinachukua tatu kadhaa, kuanzia sifuri hadi mbili, ambazo ni njia 3, na tano kadhaa, kuanzia sifuri hadi tatu, ambazo ni njia 4. Zidisha 8 kwa 3 kwa 4, utapata 96. Basi 144,000 ina vigawo 96. Waweza kuigawa kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5, kwa 6, kwa 8, kwa 9, kwa 10, kwa 12, kwa 15, kwa 16, kwa 18, kwa 20, wala hakuna kinachosalia.

Mwanahisabati Nikomako wa Gerasa, aliyeishi karibu na mwaka 100 B.K., yaani si mbali na wakati wa Yohana, alifundisha kuzipanga namba katika mafungu matatu: pungufu, kamili na zilizozidi. Namba iliyozidi ni ile ambayo vigawo vyake, mbali na yenyewe, vikijumlishwa vinaipita. Kumi na mbili ni ya namna hiyo, maana 1 + 2 + 3 + 4 + 6 ni 16. Vigawo vya 144,000, bila yenyewe, vinafanya jumla ya 373,140, zaidi ya mara mbili na nusu ya hesabu yenyewe.

Lakini ni lazima tuseme pia mambo ambayo hesabu hii haina. Si namba mraba, kwa kuwa 379 mara 379 ni 143,641, na 380 mara 380 ni 144,400. Nayo inaangukia katikati. Wala si namba ya pembetatu, yaani haiwezi kupatikana kwa kujumlisha moja, mbili, tatu na kuendelea. Kwa jambo hili inatofautiana na 666 ya Ufunuo 13, ambayo ni jumla ya namba zote tangu 1 hata 36, na 153 ya samaki wa Yohana 21, ambayo ni jumla ya namba zote tangu 1 hata 17.

Tena, jambo la kushangaza, haigawanyiki kwa saba. Saba ni hesabu inayotawala kitabu kizima cha Ufunuo: makanisa saba, mihuri saba, baragumu saba, vitasa saba. Hata hivyo ukiigawa 144,000 kwa saba unapata 20,571 na kubakiwa na tatu. Mhubiri mwepesi angeweza kusimama hapo na kutangaza kwamba masalio hayo matatu ni Utatu Mtakatifu. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Namba yoyote kubwa ina tabia nyingi, na mwenye kutafuta hakosi kupata. Kwa hiyo hatuna budi kujiuliza kila mara: Je, tabia hii imeonyeshwa na mwandishi mwenyewe, au tumeileta sisi? Vigawo 96, jumla ya vigawo na masalio ya saba ni mambo ya kweli katika hisabati, lakini Yohana hakuyagusa. Yatupasa sasa kuyatazama yale aliyoyagusa.

2. Jinsi Yohana alivyoijenga

Katika Ufunuo 7:5-8 Yohana hatupi jumla peke yake. Anatutajia makabila kumi na mawili, moja baada ya jingine, na kila mara anarudia hesabu ile ile: kumi na mbili elfu. Msomaji anayesoma kwa sauti mbele ya usharika huchoka kurudia, na pengine hushawishika kuruka. Asiruke, maana marudio hayo ndiyo maelezo ya hesabu. Mwandishi anatuonyesha kwamba 144,000 ni 12 mara 12,000, yaani 12 mara 12 mara 1,000. Kwa lugha ya hisabati, ni mraba wa kumi na mbili uliozidishwa kwa mchemraba wa kumi.

Vipande hivyo vinarudi tena mwishoni mwa kitabu, katika habari za Yerusalemu mpya. Mji una milango kumi na miwili yenye majina ya makabila ya Israeli, na misingi kumi na miwili yenye majina ya mitume (21:12-14). Ukuta wake ni dhiraa 144 (21:17), ambayo ni 12 mara 12. Urefu wa mji ni stadio 12,000, na upana na kimo chake ni hivyo hivyo (21:16). Yaani mji ni mchemraba. Mchemraba una kingo kumi na mbili. Ukizipima kingo zote za mji ule na kuzijumlisha, unapata 12 mara 12,000, nayo ni 144,000. Hesabu ya watu waliotiwa muhuri ndiyo hesabu ya kingo za mji wanaokaa. Yohana haisemi jumla hiyo, lakini vipande vyake vyote ameviweka mbele yetu. Watu na mji vimejengwa kwa kipimo kimoja, na sura ya 21 inasema wazi kwamba mji huo ndiye bibi arusi wa Mwana-Kondoo.

Msomaji wa Agano la Kale atakumbuka kwamba chumba kingine chenye umbo la mchemraba ni Patakatifu pa Patakatifu katika hekalu la Sulemani, chenye dhiraa ishirini kila upande (1 Fal. 6:20). Mahali ambapo kuhani mkuu pekee aliingia mara moja kwa mwaka sasa pamekuwa mji mzima. Na ukubwa wake? Stadio moja ilikuwa mita 185 hivi. Basi stadio 12,000 ni kama kilometa 2,200. Ziwa Victoria, ambalo mtu akisimama ufukweni pa Mwanza haoni mwisho wake, lina urefu wa kilometa 337 hivi kutoka kaskazini hadi kusini. Upande mmoja wa mji ule ungechukua urefu wa ziwa letu zaidi ya mara sita. Hapo hakuna dalili ya nafasi chache.

Kuhusu elfu, lugha yetu inatusaidia kuliko lugha nyingi. Neno letu elfu tumelipata kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania elef. Katika Kiebrania neno hilo lina maana ya elfu, lakini pia laweza kuwa na maana ya ukoo au kikosi cha kabila. Gideoni analitumia anapolia kwamba jamaa yake ni dhaifu katika Manase (Amu. 6:15), na Mika analitumia kwa Bethlehemu (Mik. 5:2). Hivyo elfu ni namna ya kupanga watu, hasa kwa vita. Katika Hesabu 31:4-5 Musa anachukua watu elfu kutoka kila kabila, jumla 12,000. Katika 1 Mambo ya Nyakati 27 majeshi ya Daudi yanahudumu kwa zamu kumi na mbili, kila zamu 24,000; jumla yake ni 288,000, yaani 144,000 mara mbili. Yohana anaandika kama karani wa jeshi la Israeli. Lakini jeshi hili linashinda kwa damu ya Mwana-Kondoo, tena mikononi mwao, katika 7:9, mna matawi ya mitende.

Hata namna ya kuitamka hesabu inasaidia. Mfanyabiashara wa Mwanza akihesabu fedha atasema laki moja na arobaini na nne elfu, naye ameigawa hesabu penye mia. Biblia yetu ya Union Version inasema mia na arobaini na nne elfu, kama Kigiriki kinavyosema: kwanza 144, kisha elfu. Kwa usemi huo, mraba wa kumi na mbili unabaki mzima mdomoni mwa msomaji.

Jambo la mwisho katika ujenzi huu ni usawa. Orodha ya makabila ina mambo yasiyo ya kawaida: Dani hayumo, Lawi yumo, Yusufu yumo pamoja na Manase mwanawe, na Yuda ametangulia. Hii si sensa ya taifa. Katika sensa ya Hesabu 1 makabila yalipishana sana kwa wingi. Yuda ilikuwa na 74,600 na Manase 32,200. Hapa kila kabila lina 12,000, hakuna lililozidi wala lililopungua. Tunaoishi mahali ambapo Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wazinza, Wahaya, Wajaluo na Wakurya wanaabudu katika usharika mmoja twajua maana ya fungu lisilopendelea.

3. Alichosikia na alichoona

Sasa twafika kwenye jambo lililo kuu. Katika 7:4 Yohana anasikia hesabu. Katika 7:9 anatazama, na anachokiona ni mkutano mkubwa ambao hakuna mtu awezaye kuuhesabu, wa kila taifa, kabila, jamaa na lugha. Je, hayo ni makundi mawili au ni moja?

Yohana alikwisha kutufundisha kumsoma. Katika 5:5 anasikia habari za Simba wa kabila la Yuda. Katika 5:6 anatazama, naye anamwona Mwana-Kondoo kama aliyechinjwa. Hakuna mwalimu wa Kanisa aliyewahi kusema kwamba Simba na Mwana-Kondoo ni wawili. Alichosikia na alichoona ni Kristo mmoja. Kusikia kunatoa jina la ahadi, na kuona kunaonyesha jinsi ahadi ilivyotimia. Vivyo hivyo katika sura ya 7: sikio linapokea hesabu kamili ya Israeli, na jicho linaona hesabu hiyo ilivyotimia katika mataifa yote. Kanisa lahesabiwa na Mungu hata mtu mmoja asipotee, nalo halihesabiki kwa wanadamu.

Pengine mtu atasema kwamba Yohana alisema mkutano hauhesabiki kwa sababu hakuwa na maneno ya hesabu kubwa kuliko 144,000. Sivyo. Kigiriki kina neno kwa elfu kumi, na Yohana analizidisha kwa lenyewe anapotaja malaika katika 5:11. Elfu kumi mara elfu kumi ni 100,000,000. Katika 9:16 anataja wapanda farasi mara mbili ya hiyo, yaani 200,000,000, na anasema aliisikia hesabu yao. Mtu awezaye kuhesabu hadi milioni mia mbili hakuishiwa na hesabu alipofika kwa waliokombolewa. Anaposema hawahesabiki, anasema jambo la imani.

Mashahidi wa Yehova wanafundisha tofauti. Kwao 144,000 ni idadi halisi ya watakaotawala pamoja na Kristo mbinguni, na tangu mwaka 1935 wamefundisha kwamba mkutano mkubwa ni kundi jingine, lenye tumaini la kuishi duniani. Hatuna sababu ya kuwadharau majirani zetu, ambao wengi wao wanayasoma Maandiko kwa bidii kuliko waumini wetu. Lakini twaweza kuuliza kwa upole swali moja. Kama hesabu ni halisi, kwa nini makabila yasiwe halisi, hata wote wawe Waisraeli kwa kuzaliwa? Na kwa nini 14:4 isiwe halisi, hata wote wawe wanaume wasiooa? Mtu hawezi kuichukua hesabu peke yake kama ilivyo na kuyageuza yote yanayoizunguka kuwa mfano. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 345,147 katika wilaya ya Ukerewe peke yake. Hesabu ya Yohana, ikisomwa kama idadi ya vichwa, isingetosha hata nusu ya wilaya moja ya visiwa.

4. Mfano wa Michael Stifel

Kanisa letu la Kilutheri lina mwalimu wa kutuonya katika mambo haya. Michael Stifel alikuwa mtawa wa Kiaugustino kutoka Esslingen, akaifuata Injili mapema, akawa rafiki wa Luther na mchungaji wa Lochau. Alipenda hesabu mno. Alichukua jina la Papa Leo X kwa Kilatini, LEO DECIMVS, akatoa herufi zenye thamani ya namba: L, D, C, I, M na V. Jumla yake ni 1656. Akaongeza 10, akaiondoa M yenye thamani ya 1,000 akisema ni ya neno la Kilatini lenye maana ya siri, akapata 666. Msomaji ataona kwamba mwenye ruhusa ya kuongeza na kupunguza apendavyo atafika popote atakapo.

Stifel hakuishia hapo. Alihesabu kwamba Bwana angerudi mwezi Oktoba mwaka 1533, saa mbili asubuhi, akauhubiri usharika wake hivyo. Luther alikuwa amemwonya. Siku ikafika, watu wakakusanyika, saa mbili ikapita. Stifel alikamatwa na kuondolewa katika usharika wake. Luther hakumtupa, alimwombea, na baadaye Stifel akapewa usharika mwingine.

Lakini habari yake haikuishia katika aibu. Mwaka 1544 alichapisha mjini Nürnberg kitabu cha Kilatini kiitwacho Arithmetica Integra, chenye dibaji ya Melanchthon. Katika kitabu hicho alieleza kwa uwazi jinsi vipeo vinavyofanya kazi, naye ndiye aliyelianzisha neno la Kilatini ambalo lugha nyingi za Ulaya zimetohoa jina la kipeo. Tulipovunja 144,000 kwa vipeo hapo juu, tulitumia chombo alichokinoa mchungaji wa Kilutheri. Ni mtu yule yule, na upendo ule ule wa hesabu. Alipozilazimisha hesabu zimwambie siri ya Mungu, aliuumiza usharika. Alipozichunguza kama kazi ya Muumba zilivyo, alilifaidia Kanisa na ulimwengu.

Eneo letu la Maziwa Makuu limeyaona mambo mabaya kuliko ya Lochau. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la kuabudia la kundi lililokuwa limetabiri kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Mhubiri anayecheza na hesabu za mwisho wa dunia anashika moto mikononi mwa watu wengine.

5. Hesabu kando ya ziwa

Watu wa ziwa wanajua kwamba kila kitu kina hesabu yake. Katika mwalo wa Kirumba, sangara hupimwa kwa kilo, na dagaa hupimwa kwa ndoo na magunia. Hakuna awahesabuye mmoja mmoja. Lakini mtu hapimwi kwa ndoo. Mtu huhesabiwa kwa jina lake.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo hata leo waliokufa wanakadiriwa tu, kati ya 800 na 1,000, na wengi walizikwa Igoma bila kutambuliwa. Miaka ishirini na miwili baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Hapo tena ilijulikana baada ya msiba kwamba waliopanda ni wengi kuliko hesabu.

Mwenye kuhubiri Ufunuo 7 kandokando ya ziwa hili anawahubiri watu ambao mama zao na ndugu zao hawakuandikwa. Kwao swali la hesabu ya Mungu si la udadisi. Wanataka kujua kama yule ambaye hakuwamo katika orodha ya meli yumo katika orodha nyingine. Tukiwaambia kwamba Mungu naye ana nafasi 144,000 tu, tunawarudisha bandarini kupanga mstari wa tiketi. Tukiwaambia tu kwamba hesabu ile ni fumbo, tunawaacha bila neno. Lakini Maandiko yanatupa yote mawili: hesabu kamili, isiyopungua hata mmoja, iliyoandikwa kabila kwa kabila, na mkutano usiohesabika, ulio mkubwa kuliko orodha yoyote ya wanadamu. Katika kitabu cha Mwana-Kondoo hakuna daraja la tatu lisiloandikwa.

6. Mambo ya kuzingatia katika mahubiri

Kwanza, tusome 7:1-17 yote pamoja. Mhubiri anayeishia katika mstari wa 8 amewaachia watu hofu, na anayeanzia katika mstari wa 9 amewanyima ahadi ya kuhesabiwa.

Pili, tuionyeshe hesabu kwa ubao. Mwanafunzi wa kipaimara aweza kuzidisha 12 kwa 12 kwa 1,000. Akiisha kuliona jambo hilo kwa macho yake, hatayumbishwa kwa urahisi na yule atakayemjia na hesabu nyingine.

Tatu, tusizishike tabia zote za namba kana kwamba ni mafundisho. Hieronimo aliwataja wataalamu walioamini kwamba aina zote za samaki ni 153. Lakini ziwa letu peke yake lilikuwa na mamia ya aina za furu kabla ya kuletwa kwa sangara. Agostino aliitazama 153 kuwa jumla ya namba tangu 1 hata 17, na 17 kuwa amri kumi pamoja na vipawa saba vya Roho. Jumla hiyo ni sahihi, na mahubiri yake yalijenga. Hata hivyo Yohana hakuionyesha kumi na saba kama alivyoionyesha kumi na mbili, na tofauti hiyo mwanafunzi wa theolojia sharti aijue.

Nne, tuliunganishe neno muhuri na ubatizo. Kinachowatambulisha watu wa 7:3 ni muhuri wa Mungu katika vipaji vya nyuso zao. Paulo anasema kwamba waaminio wametiwa muhuri kwa Roho (Efe. 1:13, 2 Kor. 1:22). Nasi katika ubatizo humtia mtoto alama ya msalaba usoni, tukimtaja kwa jina lake.

Hitimisho

Tumeona kwamba 144,000 ni hesabu iliyojengwa kwa kumi na mbili, kumi na mbili na elfu. Kwamba kipimo chake ni kipimo cha mji wa Mungu. Kwamba inagawa sawasawa bila kusaza. Na kwamba Yohana aliyeisikia aligeuka akaona wasiohesabika. Kwa hiyo muumini akimwuliza mchungaji kama nafasi zimekwisha, mchungaji na amwulize kama alibatizwa, na jina lake ni nani. Kisha amwambie kwamba jina hilo lilipotajwa juu ya maji alihesabiwa, na kwamba mbele ya kiti cha enzi mkutano haujafikia mwisho. Na kama anamlilia mtu aliyechukuliwa na ziwa, wataje pamoja jina la mtu huyo katika sala, waziwazi, hata kama halikuandikwa katika orodha yoyote iliyopatikana.